Lile ua la kwenye kona ya mgahawa, mtoto wako analifikia?

Najua niliahidi leo tunaendelea na mafua ya watoto wachanga. Naomba mafua yasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu zamu yangu ya Jumamosi na siwezi kulala nalo tena.

Nimebadilisha mambo madogomadogo ili familia isitambulike.

Jumamosi jioni anaingia mama mdogo, amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nyuma yao baba na binti wa miaka kama sita. Mtoto analia mdomo wazi, udenda unamwagika mpaka blauzi ya mama imelowa. Midomo imevimba, ulimi mwekundu, kijiko cha maji hakitaki hata kukiona. Walikuwa wametoka kula mgahawani, siku ya kuzaliwa ya baba.

Sasa mjue sisi tunavyofikiri pale. Mtoto ametoka kula, mdomo umevimba, basi maswali yote ni ya chakula. Alikula nini? Samaki? Karanga? Mayai? Kuna pilipili alishika? Chipsi zilikuwa za moto? Tukahamia kwenye sabuni na dawa za kusafishia choo. Mama anajibu huku analia: wali na mchuzi kidogo tu, kutoka kwenye sahani yangu. Mara simu inaita, ni bibi mzaa baba, na sauti tuliisikia wote: "Umempa nini mjukuu wangu?" Yule mama akaniangalia. Sina maneno ya kuelezea yale macho.

Aliyetuokoa ni dada mtu. Alikuwa amekaa kwenye benchi anachezea kamba ya kiatu, akasema tu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, "Si alikuwa anakula ua."

Ua gani mwanangu?

"Lile la kwenye kona. Lina madoa meupe."

Baba akachukua bodaboda akarudi mgahawani, akaja na jani mkononi limefungwa kwenye tishu. Nililijua palepale. Na wewe unalijua, ila hujui jina. Jani pana la kijani, katikati lina madoa meupe au ya krimu, shina nene lenye pingili kama muwa mdogo. Liko mapokezi ya ofisi, liko saluni, liko benki, liko kwenye kumbi za harusi. Linaitwa difenbakia.

Mtoto yuko salama, niwatoe wasiwasi mapema. Alisafishwa mdomo, akapewa maziwa baridi kidogokidogo na dawa ya maumivu, tukakesha naye tukisikiliza pumzi. Jumapili mchana alitoka ananyonya. Lakini mama yake aliishi saa nzima akiamini ni yeye aliyemdhuru mwanawe kwa kijiko chake mwenyewe. Hilo ndilo limeniudhi.

Nieleze kidogo. Ndani ya majani na shina la difenbakia kuna vijisindano vya kalsiamu oksaleti, vidogo kiasi kwamba huwezi kuviona kwa macho. Mtoto akitafuna, vinachomoka na kuingia kwenye ulimi, fizi na koo. Analia papo hapo, halafu anavimba. Kama umewahi kumenya magimbi mabichi mikono ikawasha, au ukala gimbi ambalo halijaiva koo likakuwasha, basi umeshakutana na ndugu yake. Magimbi na difenbakia ni ukoo mmoja, na kinachowasha ni kilekile. Tofauti ni kwamba gimbi tunalipika mpaka liive, na hakuna mtu anayeweka gimbi bichi mbele ya mtoto mezani. Waingereza mmea huu wanauita muwa wa bubu, kwa sababu ulimi ukivimba mtu anashindwa kusema.

Watoto wengi wanapona bila shida kubwa, maana maumivu yenyewe yanawafanya wateme haraka. Ila mara chache uvimbe unashuka kooni na kubana njia ya hewa. Ndiyo maana tulikesha.

Mnaweza kujiuliza, kwa nini mgahawa uchague ua la namna hii wakati mimea ya duniani ni mingi hivyo? Nami nilijiuliza, nikaenda kuongea na kijana mmoja wa kitalu anayepelekea mahoteli maua. Akanicheka kidogo. Dada, ndani hakuna jua. Wenye migahawa wanataka mwanga hafifu, kiyoyozi masaa yote, na ua lisilokufa. Yanayoweza kuishi hivyo ni yale ambayo kwao ni chini ya misitu mikubwa, yamezoea kivuli. Na ukoo mkubwa unaopatikana kirahisi wenye tabia hiyo ni huohuo wa magimbi: difenbakia, monstera yenye majani yaliyotobokatoboka, filodendroni, na ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo tunaoambiwa unaleta pesa nyumbani. Karibu ukoo mzima una vile vijisindano. Kwa hiyo kona yenye giza, ambako familia huwa inapewa meza ili watoto wasisumbue wageni wengine, ndiko yanakokaa majani yanayouma. Hakuna aliyekusudia. Ila hakuna aliyefikiria pia.

Hata ile ZZ yenye vijani vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta iko kwenye ukoo huo. Tena ile ni mwenyeji wetu kabisa, inaota yenyewe porini kuanzia Kenya, inapita Tanzania mpaka Afrika Kusini. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuizalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo tunauziwa kwa bei ya mgeni wa heshima. Haya.

Sasa nisieleweke vibaya. Siandiki ili mwende migahawani mkang'oe maua ya watu. Mimi mimea naipenda, na naitaka pale watu wanapokaa wakisubiri, wakila, wakiugua. Dirisha moja la wodi yetu linaangalia mwarobaini, lingine linaangalia ukuta wa jenereta. Waulizeni mama wanaolazwa wanaomba kitanda cha upande gani. Na si hisia zangu tu. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Wa upande wa miti walitoka hospitali mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Watu 23 kwa 23 si wengi, na ile ilikuwa miti ya nje, si chungu cha mapokezi, lakini muuguzi yeyote aliyefanya kazi wodini haoni ajabu.

Nisichokubali ni uongo wa biashara. Nimeona hoteli na saluni zimebandika tangazo kwamba mimea yao "inasafisha hewa", na mama mwenye mtoto wa pumu anaamini, anakaa nje ya matibabu yake akinunua vyungu. Habari hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1989 watafiti wa NASA, wale wa mambo ya anga, waliweka mimea kwenye masanduku yaliyofungwa kabisa na kemikali ndani, wakaona inapungua. Sebule yako si sanduku. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walikusanya majaribio ya namna hiyo na kupiga hesabu: ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida kwenye jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Utakaa wapi wewe na mtoto? Fungua dirisha mama. Na inhela ya mtoto iendelee kama daktari alivyoandika.

Kuna kitu kingine mgahawani kinachonitisha kuliko hata jani, na hapa wengi mtanishangaa. Zile kokoto nyeupe wanazopamba juu ya udongo. Laini, zinang'aa, ukubwa wa pipi, na chungu kimewekwa sakafuni, usawa wa mkono wa mtoto anayetambaa. Jani linauma, mtoto anatema. Kokoto haiumi. Inateleza. Kama hujasoma nilichoandika kuhusu mtoto aliyekabwa, jinsi ya kumpiga mgongoni na kumminya kifua kama hajafikisha mwaka, nenda kasome leo, usiahirishe.

Na kuna mnyaa. Jamani mnyaa! Ule wa uzio wa kwa bibi, ambao tulikatazwa tangu wadogo kuuchezea kwa sababu ya utomvu. Nimeukuta kwenye mgahawa mmoja wa kahawa, umewekwa kwenye chungu cheupe cha bei, umepigwa taa, watu wanapiga nao picha. Aliyeuweka pale nadhani aliuona kwenye picha za Ulaya na hakukulia karibu na uzio wa mnyaa. Tawi likivunjika, utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza kioo cha jicho na mtu anaweza kushindwa kuona kwa siku kadhaa. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, halafu kliniki ya macho. Usikamulie maziwa ya mama jichoni. Najua mmeambiwa, hata mimi niliambiwa na shangazi yangu, lakini usifanye hivyo.

Nirudi kwenye maji ya vyungu, maana hapa hasira yangu ni ya zamani. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019 wanakumbuka homa ya dengi. Mimi 2019 naikumbuka kwa miguu, kwa jinsi ilivyovimba mwisho wa zamu. Mbu wa dengi si yule wa malaria. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, na anapenda maji kidogo, masafi, yaliyotulia. Kisahani cha chini ya chungu kinamtosha kabisa. Kuanzia yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10 tu. Na yai linanata ukingoni, maji yakikauka linakaa miezi likisubiri, kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, kisahani kinasuguliwa.

Fikiria sasa. Chandarua kiko nyumbani kitandani. Mtoto yuko na wewe saluni saa kumi jioni, unasukwa, amelala kwenye kigari chini, pembeni yake vyungu sita vya kupendezesha na visahani sita vya maji. Chandarua chako kimekusaidia nini hapo?

Siyo kwamba haiwezekani kuwa na mimea bila mbu. Singapore wana hoteli iliyofunguliwa mwaka 2013 kwa jina la Parkroyal on Pickering, ina bustani zinazoning'inia ghorofa kwa ghorofa, mita za mraba 15,000. Dengi wanayo kama sisi. Lakini huko ofisa anaruhusiwa kuingia ndani kukagua viluwiluwi, kwenye nyumba na kwenye biashara, na akivikuta hata kwenye kisahani cha maua mwenye eneo analipa faini. Sisi bwana afya akija mgahawani anakagua jiko, choo na kadi za afya za wafanyakazi. Vizuri. Siku akikagua na visahani nitampigia makofi hadharani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua kuna wenye migahawa na wabunifu wa ndani wanaonisoma kwa sababu wake zao wako humu. Mmea unaouweka pale wageni wanakula uwe kama chakula unachowauzia: ujue ni nini. Leo ukimuuliza mhudumu "hili ni ua gani?" anajibu "ni ua tu dada." Kila kitu cha kijani kwenye chungu kwetu ni ua. Lakini mtoto akishatafuna, jina ndilo linalotusaidia sisi kujua kama tusubiri au tukimbie. Andika jina kwenye kibao kidogo, hata nyuma ya chungu. Vile vya ukoo wa magimbi vipande juu, kwenye rafu, kwenye vikapu vya kuning'inia ambavyo mtoto hafikii. Mnyaa utoke ndani, na ile sikasi inayofanana na mnazi mdogo pia, maana ile si mnazi, sehemu zake zote zina sumu na mbegu ndiyo mbaya zaidi, inaharibu ini. Kokoto ziondoke kwenye vyungu vya chini.

Chini, usawa wa mtoto, weka visivyo na shida. Vipo, tena vizuri. Feni za majani marefu yanayomwagika. Mmea wa buibui, ule wenye majani membamba ya kijani na mstari mweupe unaozaa watoto wanaoning'inia. Mpalme wa areka kama una dirisha lenye mwanga. Rehani, mnanaa na mchaichai kwenye vyungu karibu na mlango, ambavyo jikoni wanavichuma na mtoto akitafuna amekunywa chai mapema. Na ile urujuani ya Usambara, maua madogo ya zambarau na majani yenye manyoya laini, ambayo Mjerumani Walter von Saint Paul aliituma Ulaya kutoka Tanga mwaka 1892. Dunia nzima inaipanda madirishani, haina sumu, na mimi sijawahi kuiona kwenye hoteli hata moja hapa kwetu. Labda nyie mmeiona.

Kuna atakayesema basi tuweke ya plastiki yaishe. Hapana. Yale yanakusanya vumbi mwaka mzima, hakuna anayeyafuta, na mtoto anatafuna plastiki vilevile. Wodini kwa watoto wenye saratani au waliopungukiwa sana kinga hapo ndipo udongo wa vyungu tunaukataa, kwa sababu ya ukungu uliomo. Mgahawa si wodi hiyo.

Na wewe mama, sikubebeshi mzigo mwingine, unao wa kutosha. Ukifika mahali, kabla hujakubali meza, angalia chini na pembeni kwa sekunde tano kama unavyoangalia soketi ya umeme. Ukiona chungu kinafikika, mwambie mhudumu akisogeze. Yule mama wa Jumamosi alirudi pale Jumanne, hakwenda kugomba, akamwambia meneja yaliyotokea na kumwomba wakitoe. Meneja akamjibu kwamba watoto wanatakiwa kuangaliwa na wazazi wao. Kweli wanatakiwa. Ila mzazi anaangalia hatari anayoijua, na hata meneja mwenyewe hiyo hakuwa anaijua mpaka alipoambiwa.

Ikitokea mtoto ametafuna jani, toa kilichobaki mdomoni kwa kidole, futa ulimi na fizi kwa kitambaa safi chenye maji. Kama yuko macho na anameza, mpe maji baridi au maziwa kidogokidogo. Maziwa hapa ni kwa sababu yanapoza na kutuliza, si kwamba ni dawa ya kila sumu. Aliyekunywa mafuta ya taa usimpe maziwa, tumeshaongea hilo. Mnawishe mikono asijifikichie macho. Usimtapishe kwa kidole, usimpe mafuta ya kupikia, usimpe yai bichi, hata kama mama mkwe yuko kwenye simu. Akishindwa kumeza mate yake, sauti ikibadilika, ulimi ukizidi kuvimba, au pumzi ikianza kutoa mlio, hapo ni hospitali muda huohuo.

Picha za maua ya nyumbani na ya sehemu mnazokaa nitumieni, nitajitahidi kuwaambia ninayoyajua, na nisiyoyajua nitamuuliza yule kijana wa kitalu. Lakini kama mtoto ameshatafuna, usinitumie picha ukasubiri nijibu, mimi naweza kuwa zamu simu iko kabatini. Chuma lile jani, liweke kwenye mfuko, nenda nalo.

Mafua ni Alhamisi, panapo majaaliwa.